Kidude cha shilingi 1,300 kilichoniokoa na pampu ya mafuta

Mimi hupeleka mayai Kisumu kutoka Nakuru mara mbili kwa wiki, kwa Probox ya injini ya 1NZ. Siku moja nikipanda kutoka Salgaa kwenda Sachang'wan na trei 120 nyuma, gari likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Taa ya injini ikawa inapepesa. Nikikanyaga mafuta linakohoa, na malori ya mizigo yananipita.

(Siku hizo sikujua kwamba taa ikipepesa unatakiwa usimame. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuichoma katalisti, kile kifaa cha kusafishia moshi, na bei yake usiulize.)

Nikageuza, nikarudi Nakuru mdogomdogo. Fundi niliyemzoea aliinua boneti, akasikiliza dakika tano hivi, akasema, "Mama, hiyo ni pampu ya mafuta. Leta elfu tisa na mia tano." Nikamuuliza amejuaje. Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka mjini kununua ELM327, kidude cha kusomea kompyuta ya gari.

Ukubwa wake ni kama kiberiti. Unakichomeka kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Siku ya kwanza tuligombana. iPhone ya mwanangu haikukiona kabisa. Simu yangu ya Android ilikiona, ikaomba namba ya siri, na karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kichina tupu. Changu kilikubali 1234, usihangaike kama mimi.

Programu ya bure ikaandika P0303. Kodi, yaani namba za hitilafu, zinazoanza na P030 ni za silinda isiyochoma mafuta sawasawa, na tarakimu ya mwisho, ikiwa si sifuri, ndiyo silinda yenyewe, hapa ya 3. Sasa pampu hulisha silinda zote 4. Ingekuwa imechoka, mbona inalia moja tu?

Lakini kidude hakikuniambia kilichokufa ni nini, na hapo ndipo wengi hukitukana bure. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, injekta inayonyunyiza mafuta, hata kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kijana wa jirani anayesomea ufundi akaniambia, "Mathe, tuhamishe koili tuone." Spana namba 10, bolti moja kwa kila koili. Tukahesabu kutoka upande wa mkanda, koili ya silinda ya 3 ikaenda ya 2, ya 2 ikaja ya 3. Tukafuta kodi, tukapandisha gari Milimani. Taa ikarudi, na safari hii simu ikaandika P0302. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili! Tulipoichomoa tena, kwenye mpira wake palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, kama ufa wa yai, pale umeme ulipokuwa ukivujia.

Koili moja ya mtumba ilinigharimu 2,200, nikaongeza plagi 4 mpya kwa sababu za zamani zilikuwa zimelika. Gari limetulia hadi leo.

Kasoro zipo. Changu hakisomi hitilafu za ABS (breki) wala airbag (mifuko ya hewa ya usalama). Niliwahi kukisahau kwenye tundu kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, nikakuta betri imekufa, ikabidi niazime waya za jampa kwa jirani huku wateja wa Kibuye wakinipigia simu. Tena kinakupa kishawishi cha kufuta kodi, taa inazimika, unajiona umepona. Piga picha ya kodi kabla hujaifuta, maana gereji moja ilinifutia bila kuniambia, nikalipa, na taa ikawaka tena kabla sijafika Ahero.

Ninakipa 4 kati ya 5. Kama gari lako ni la Japani la miaka ya tisini, mwambie muuzaji akichomeke mbele yako kwanza. Tundu laweza kuwepo na kisisome chochote.