Nimesponsa zabibu Dodoma, simu zikaita kutoka Bukoba

Mtu wa kwanza kunipigia baada ya kuona tangazo langu la zabibu mtandaoni alikuwa Bukoba. Anataka kilo mbili, anauliza bodaboda wa kumletea ni shilingi ngapi. Nikamwambia, kaka, mimi niko Dodoma, huku Ilazo. Akakata simu kana kwamba nimemtukana.

Nikadhani kakosea namba. Wa pili Mtwara. Wa tatu Kahama, huyo angalau tuliongea vizuri, akaniombea baraka. Hadi jioni nimeshajibu watu wa nusu ya nchi, na wa Dodoma hii hii, ambako ningemfikishia mtu zabibu kwa bajaji chai yake haijapoa, hakuna hata mmoja.

Nina kashamba Mpunguzi. Msimu ule wa mwanzo wa mwaka, Februari kuelekea Machi hivi, bei ya madalali ilinikera, nikaapa nauza mwenyewe mtandaoni. Kuna kijana hapa mjini anasimamia peji za wafanyabiashara, watu wanamsifia. Nikampa elfu sitini anisponsie tangazo, yaani alilipie mtandaoni liwafikie watu wengi. Picha alipiga nzuri, hilo simnyimi. Zabibu zinang'aa, matone ya maji yanateleza juu yake (alizinyunyizia maji ya chupa, nilikuwa nimesimama pale pale).

Sasa zabibu si embe. Ukishaikata haiendelei kuiva, kilichobaki ni kuharibika tu. Kreti saba zilikuwa sebuleni chini ya feni. Siku ya pili punje zikaanza kuachia vikonyo, nyuki wakaijua njia ya dirishani. Siku ya tatu nyumba inanuka pombe, mpaka jirani yangu, mzee wa kanisa, akasimama mlangoni akanisalimia kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma.

Nikampigia kijana. Hapokei. Nikamtumia ujumbe wa sauti, naona kausikiliza, kimya. Usiku ndipo akajibu: "Mama, mtandao unataka subira. Nyie watu wa analojia mna papara." Wa analojia! Mimi! Hela yake nilimtumia kwa simu, dakika hiyo hiyo aliyoiomba, hapo sikuwa wa analojia. Mengine ya wiki ile nimeshasahau, lakini hilo neno kila nikiwasha simu nalisikia.

Mpwa wangu anasoma UDOM. Yeye ndiye aliyefungua takwimu za lile tangazo, wala hakumaliza dakika mbili. Eneo: Tanzania nzima. Akanionyesha kwamba unachagua mji wako, unauzungushia duara la kilomita unazotaka, tangazo linawafikia wa Area C, Kisasa, Nkuhungu, ukipenda mpaka Mtumba kwa watu wa wizarani, basi. Kwenye orodha ya miji iliyoona zabibu zangu, Dar ilikuwa juu, Mwanza inafuata. Dodoma sikuiona. Yaani elfu sitini yangu imewatamanisha watu wa kanda ya ziwa.

Ningempa sifuri. Kilichoniokoa ni stetasi ya WhatsApp, ambayo ni bure: wanakwaya wenzangu na akina mama wa kikoba walichukua kreti tatu kwa mpigo.

Ila nisiwe mwongo. Dada mmoja wa Dar aliliona tangazo hilo hilo lililopotea njia. Alikuwa anakuja huku kikazi, akaagiza kilo ishirini, nikampelekea stesheni ya SGR siku anayorudi. Usiku ule ule akanitumia picha, zabibu zimejaa bakuli mezani kwake, hazijapondeka hata kidogo. Tangu hapo kaniletea wenzake wanne wa ofisini, na hao hawaombi kupunguziwa. Wa Dodoma wote wanaomba. Kwa hiyo lile duara ningelichora, huyu dada ningempata wapi? Sitaki hata kulifikiria, maana nikilifikiria itabidi nimshukuru yule mtoto.

Sasa mvuno wa Agosti unakaribia, na juzi kaniandikia: "Mama, msimu huo. Tusponsi tena? Nakupunguzia." Shikamoo hakuna, samahani hakuna. Nimeisoma, tiki zimegeuka bluu, nimemwacha hapo hapo. Picha yake ya matone bado ndiyo iko juu kabisa kwenye peji yangu.