Injini inapumua: cha kununua kwanza kwa Subaru yenye tabo

Fundi akifungua kifuniko cha oili injini ikiwa imewashwa, na moshi ukatoka kwa mafungu, atakwambia neno moja: inapumua. Kila injini hupumua kidogo. Petroli ikilipuka juu ya pistoni, gesi kiasi hupenya kando ya ringi na kuteremka kwenye chumba cha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Tabo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, ikisukuma zaidi, gesi hiyo huongezeka. Isipopata pa kutokea hulazimisha njia: sili ya krenki huvuja, gasketi za tapeti kava (vifuniko vya valvu) hulowa, hata dipstiki huruka kutoka tunduni.

Nazungumzia hasa Impreza WRX na STI, zenye injini za EJ20 na EJ25. Pistoni zake zimelala ubavu, kwa hiyo kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na kujaa kwenye tapeti kava, kulekule yaliko matundu ya kupumulia. Kutoka hapo huvutwa hadi mdomo wa tabo, hupaka intakula (kipoza hewa ya tabo), kisha huungua pamoja na petroli. Petroli yenye oili ndani yake huwahi kugonga, yaani kulipuka ovyo, na EJ25 inajulikana kwa pistoni zinazovunjika kati ya ringi na ringi.

Kosa linaloniuma zaidi ni la tabo kulaumiwa bure. Oili inayolainisha tabo hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Chumba cha krenki kikijaa presha, oili hiyo hukwama njiani, hupita sili za tabo, na gari hutoa moshi wa bluu. Mwenye gari ananunua tabo nyingine, na baada ya wiki chache moshi umerudi.

Basi kabla ya kununua chochote, pima. Weka kikaratasi chepesi juu ya tundu la oili injini ikiwa inanguruma taratibu: mfumo usio na hitilafu hukivuta kidogo, mfumo mbovu hukirusha. Kisha mwombe fundi aingize hewa ya kompresa kwenye kila silinda na kupima inayovuja. Ikizidi asilimia 20, na hewa inasikika ikitokea kwenye tundu la oili, ringi zimekwisha. Hakuna kifaa kati ya vilivyo hapa chini kitakachokusaidia, fungua injini.

Namba moja kwangu ni valvu mpya ya PCV (ya kupumulia chumba cha krenki) ya kampuni yenyewe, pamoja na mipira yake yote. Ni bei ndogo, na wengi huiruka kwa sababu haing'ai. Valvu hii huruhusu manifodi, bomba linalogawia silinda hewa, ivute gesi ukiwa unaendesha polepole, na hujifunga tabo inapoanza kusukuma. Ikikwama wazi, tabo husukuma hewa hadi kwenye chumba cha krenki, na hapo umejitengenezea presha mwenyewe.

Namba mbili ni kopo la kunasia oili, lile tunaloliita kachi keni. Dukani lifungue ulitazame ndani. Liwe na vizuizi au wavu wa chuma wa kugandishia mvuke. Kopo tupu hupitisha oili kama bomba lolote. Tundu lisiwe dogo kuliko la kiwandani. Kwangu 19 mm ni salama, na vile vya 9 mm vinavyouzwa rahisi hukaba injini. Mpira uwe wa kustahimili oili, kwani wa maji huvimba na kujikunja. Lifunge mbali na joto la tabo, na bomba la kutokea lirudi kwenye njia ya hewa. Limwage mara kwa mara. Asubuhi za baridi za Limuru utakuta humo uji mweupe wa maji na oili.

Uji huo ndio sababu ya namba tatu, kitenganishi cha oili kinachopashwa joto na maji ya rejeta, kama kile cha kampuni ya IAG. Joto huzuia mvuke usigeuke maji, oili pekee hurudi kwenye injini, na huna cha kumwaga. Kwa anayeendesha gari kila siku na kwenda mbio mwishoni mwa wiki, hiki kingekuwa cha kwanza kama si bei yake, mia kadhaa za dola kabla ya ushuru.

Pampu ya kuvuta gesi ni ya magari ya mashindano ya mbio fupi. Kwenye sampu ya kawaida mvuto usizidi inchi 15 za zebaki, maana pini za pistoni hutegemea ukungu wa oili huohuo unaoondolewa. Sampu kavu, yaani oili kuwekwa kwenye tangi la pembeni, ni bora kuliko vyote, ila gharama yake inaweza kukununulia injini nyingine.

Mwisho kabisa ni kale kachujio kadogo ka kupumulia wazi. Kananusisha gari oili, kananyima injini mvuto wa manifodi, na ukungu wake ukidondokea ekzosti ya moto unaweza kuwaka. Ukiwa na mpango wa kushiriki rali, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hudai mfumo wazi uwe na tangi la kukusanyia oili: lita 2 kwa injini hadi cc 2,000, lita 3 kwa kubwa zaidi.

Ukishafunga, endesha kilomita 500, kisha rudia kile kikaratasi na utazame bomba la kuingilia tabo kama limekauka.