Aproni za drili kutoka kibaraza cha Ngamiani, baada ya miezi minane jikoni

Nilizichukua mwishoni mwa Oktoba, aproni nane za drili, kitambaa kizito cha pamba, mbili mbili kwa watu wanne tunaopika. Leo Juni inaisha. Zimekula joto la kaskazi na mvua za masika, zimefuliwa kwa sabuni ya mche karibu kila siku, na moja ilitumbukia nzima nzima kwenye rojo la samaki wa kupaka. Kwa hiyo siandiki habari za kitu nilichokitoa jana kwenye mfuko.

Jiko letu liko Makorora, hapa Tanga. Asubuhi chapati na sambusa, mchana wali wa nazi, maharage na samaki, Ijumaa pilau. Tunapikia gesi na mkaa, na mkaa ndio ulionipeleka kwa fundi. Kabla ya hapo nilikuwa nikinunua aproni za dukani zinazotoka nje, Sh 5,000 moja, nyeusi za kung'aa, kifuani zina picha ya kofia ya mpishi. Ni tetroni tupu. Cheche ikirukia kitambaa kile kinayeyuka, kinajikunja na kuacha ukingo mgumu kama plastiki. Binti anayekaanga sambusa alipata alama kwenye paja siku kilipomgandia. Pamba nayo inashika moto, tusidanganyane, lakini haiyeyuki ikakung'ang'ania kwenye ngozi.

Fundi ni mzee wa makamo, anashonea kibarazani katika barabara za kati za Ngamiani, cherehani ya miguu, futi shingoni. Nimemsalimu shikamoo, nimemwambia nataka aproni. Akaniuliza, "Za kupikia, mwanangu, au za kupigia picha?" Hapo nikajua nimefika.

Akauliza mambo ambayo mie mwenyewe sikuwahi kuyafikiria. Mikono mnafutia wapi? Nikaona haya kusema, maana sote tunafutia ubavuni, upande wa kulia. Basi pale akashona kitambaa maradufu na kuweka kitanzi cha kuning'inizia taulo. Anayekanda chapati ana kimo gani? Mnavaa ushungi? Hili la ushungi ndilo lililonimaliza. Aproni ya kawaida ina kitanzi cha shingoni cha kupitisha kichwani. Kwa mtu aliyefunga ushungi ni vita: unavuta, pini inachomoka, unarudi kwenye kioo kujipanga upya huku mafuta yanachemka. Yeye mkanda wa shingoni kauacha wazi upande mmoja, unafungwa kwa kifungo karibu na bega, na una matundu matatu ili mrefu na mfupi kila mmoja apate kipimo chake. Unavaa bila kugusa kichwa. Kitu kidogo hivyo, na miaka yote nimehangaika!

Kitambaa ni drili ya pamba, rangi ya kaki. Drili utaijua kwa ile michirizi ya mshazari ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga. Ni nzito kiasi cha kuzuia tone la mafuta lisifike kwenye dera, lakini si nzito kama turubai, ambalo kwa joto la Tanga ungepikwa wewe kabla ya wali. Mie nilitaka nyeupe. Akasema, "Na manjano ya mchuzi je?" Nikanyamaza. Ila nimegundua kuwa doa la manjano ukilifua halafu ukalianika kwenye jua kali, linapauka lenyewe bila jiki. Jiki mwachie mwenye haraka, inadhoofisha pamba.

Kabla hajakata, alikiloweka kitambaa usiku kucha akakianika, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa. Aproni zangu ziko vilevile, zinafika juu kidogo ya goti kama siku ya kwanza. Mikanda inapoungana na kiuno kashona mraba wenye msalaba ndani yake, na pembe za mfuko kazikazia kwa vipembetatu vidogo vya uzi. Katika aproni nane, hakuna mshono uliofumuka hata mmoja. Uzi wake ni wa poliesta; anasema uzi wa pamba huoza mapema kwa sabuni na jua.

Sasa malalamiko, maana nayo yapo. Aliniahidi wiki moja, nikazipata siku ya kumi na tisa. Umeme si kisingizio, cherehani yenyewe ni ya miguu. Ziliingia sare za arusi zikaturuka foleni. Nilikwenda mara tatu, mara tatu nikaambiwa kesho.

Vifungo navyo. Aliweka vile vya chuma, vya suruali ya jinzi, vizuri kweli kwa macho. Kwa hewa yetu ya chumvi, kufika Machi viwili vimeshika kutu na kuacha doa la kahawia begani. Nilimrudishia, akavitoa vyote akaweka vya plastiki, hakunitoza hata shilingi. Doa halikutoka.

Mfuko mkubwa wa katikati ni kosa langu. Fundi alikataa, mie nikang'ang'ania. Umekuwa ghala la unga na vitunguu maji, na simu ukiitia humo inatoka imepakwa kama maandazi.

Masika drili inachukua muda kukauka, mara nyingine siku mbili. Kama huna mbili kwa kila mtu, usianze.

Bei ni Sh 15,000 moja, kitambaa chake mwenyewe. Najua kuna atakayesema ni ghali mara tatu. Zile za dukani zilinidumu miezi mitatu, minne nikiwa na bahati, kwa hiyo hesabu kila mtu afanye kwa jiko lake.

Kuna jambo moja limenikaa. Watu wakiziona wanasema, ah, mali ya Tanga hii. Nilimuuliza fundi, naye hakunificha: drili imetoka nje, uzi umetoka nje, cha Tanga ni mkono na jicho. Pamba inalimwa kwetu, Simiyu na Shinyanga, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota, halafu inaturudia ikiwa kitambaa cha watu. Mteja mmoja yeye akauliza kama mikanda ni mkonge, kisa tuko Tanga. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, tumeufanyia kamba, magunia na mazulia, lakini kuuvaa tumboni kwa joto la Februari, jaribu weye kwanza.

Nimeshaagiza nyingine sita. Mbili ni za kijana anayechoma samaki, ndefu zaidi, zifunike magoti. Mfuko mdogo, upande wa kushoto, safari hii nimekubali. Vifungo vya plastiki tangu mwanzo. Nimelipa nusu, nikamuuliza lini. "Wiki moja tu, mwanangu." Kwenye kalenda ya jikoni nimeandika tatu.