Madonge 31 kutoka Shetland, na kadigani inayosubiri mkasi

Hamjambo jamani, karibuni tena mezani kwangu. Leo meza imejaa mpaka kikombe cha chai nimekiweka sakafuni, kwa hiyo mkisikia kitu kimemwagika msishtuke, ni mimi na mguu wangu. Niliwaaga kwamba nakwenda Shetland, na wengi mkaniandikia lile lile: "Dada, usinunue uzi, maliza kwanza ulio nao." Ujumbe ulifika. Nimerudi na madonge 31.

Kwa mliojiunga juzi: naishi Aberdeen, Uskoti. Shetland ni visiwa vilivyo juu kabisa kaskazini ya hapa. Meli inang'oa nanga jioni, inatembea kama saa kumi na mbili, unaamkia Lerwick. Wanasema unalala humo. Mimi nimepanda boti ya Unguja mara nyingi, nikajiona mzoefu wa bahari. Usiku ule nilimkumbuka kila mtu niliyewahi kumkosea. Visiwa vizima wakazi hawafiki 24,000, kondoo wamewazidi kwa mbali, na ndiyo maana nilikwenda.

Haya, mzigo. Nianze na hili. Ngoja nilisogeze kwenye kamera... hapo. Donge dogo, gramu 25 tu, linaenea kiganjani. Huu ni uzi wa Jamieson & Smith, nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, kila donge mita 115. Hawa ndio wananunua sufu kwa wafugaji wa visiwani na kuichambua wenyewe, wana duka lao pale Lerwick. Nimechukua 14. Ukiunusa unanusa kondoo. Si harufu mbaya, ni kama blanketi la bibi lililotolewa sandukuni.

Sasa nisiwafiche: unawasha. Ukiuweka shingoni ukiwa mpya utajikuna. Pale dukani nimeona watu wanashika donge, wanaliminya, wanakunja uso, wanalirudisha. Mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Kumbe uzi huu hauhukumiwi ukiwa donge. Ufume, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukamue kwa taulo bila kusokota, utandaze ukauke. Unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Tazameni hivi vipande viwili. Uzi mmoja, sindano zile zile za milimita 3.25. Cha kushoto hakijaoshwa, nikikishika hivi mwanga wa dirishani unapita kati ya vitanzi. Cha kulia nimekiosha juzi. Mwanga haupiti. Vitanzi vimekumbatiana.

Donge la pili linawachanganya watu kwa jina. Jamieson's of Shetland ni kampuni nyingine kabisa, wana kiwanda chao Sandness, upande wa magharibi, na uzi wao unaitwa Spindrift. Gramu 25 vile vile, ila mita ni 105, na rangi zao zinapita 200. Mia mbili! Ukisimama mbele ya zile rafu unapoteza akili kama ulivyopoteza siku ile uliyotumwa kanga moja Kariakoo. Ukitazama karibu, rangi zao nyingi si rangi moja. Hii nyekundu hapa, vuteni macho, ndani yake mna nywele za rangi ya chungwa na za zambarau. Sufu inatiwa rangi kwanza, inachanganywa, halafu ndiyo inasokotwa. Kwa hiyo zikikaa pamoja kwenye ua la sweta hazigombani. Nimechukua 9, bila mpango wowote. Ukiniuliza ni za nini, sina jibu.

Mama yangu angecheka. Mimi nimefundishwa kufuma Njombe, kwa spoku za baiskeli. Wa kwetu mnajua: unazinoa kwenye jiwe mpaka ncha iwe laini, ukikosea unajichoma tumbo. Basi Shetland wafumaji wa zamani sindano zao hawaziiti sindano, wanaziita waya! Na wana mkanda wa ngozi kiunoni, una kijimto kilichojazwa ndani na kutobolewa matundu, unachomeka waya wa kulia humo, mkono unabaki huru kurusha uzi. Mama mmoja alinivalisha wake dakika tano. Nilifuma kama mlevi. Yeye alifuma huku ananitazama usoni na kunihadithia habari za mkwewe. Mkanda sikununua, bei yake ni ya kuita kikao cha familia.

Hizi sita za gramu 50 ni za mama. Hazijatiwa rangi yoyote, ni rangi ya kondoo mwenyewe, na kila rangi ina jina la kule kwao: hii ya kahawia wanaita moorit, hii ya kijivu cha mkaa ni shaela. Mita 172 kila donge. Nitamfumia shali ya mabegani, maana Njombe mwezi wa sita na wa saba si mchezo, na yeye shati la sufu hataki, anataka kitu cha kujitupia akitoka kanisani. Kwa shali, hizi ndizo nyuzi nzuri kuliko zote nilizonunua. Ningeambiwa nichague moja tu kwenye mzigo huu wote, nawaachia zilizobaki, nachukua hii.

Sasa nije kwenye dhambi. Mashada haya mawili, mnaona yalivyo mazuri? Bluu ya bahari inaingia kwenye kijani, inaingia kwenye waridi. Niliyanunua kwenye meza ya mtu mmoja, simtaji, kosa ni langu. Pauni 22 shada moja la gramu 100. Ni sufu ya kondoo aina ya merino, iliyooshwa kwa dawa ili isishikane na kusinyaa kwenye mashine ya kufulia. Yaani unywele wa sufu una magamba madogo madogo, ndiyo yanayoshikana. Hapa magamba yamepunguzwa kwa dawa na kufunikwa kwa utando mwembamba. Matokeo yake uzi ni laini, unateleza, unang'aa. Kwa soksi ni sawa kabisa. Mimi niliununua nikiwa na wazo la sweta la rangi mbili, na hapo ndipo nilipojidanganya.

Sweta la namna hiyo likitakiwa lifunguke mbele, hukatwa kwa mkasi. Nawaonyesha kwa nini uzi huu haufai. Mkasi huu hapa. Vipande viwili: hiki cha Shetland, hiki cha merino. Nakata vyote katikati, kutoka juu kwenda chini. Krrr. Haya. Sasa navuta ukingo... Cha Shetland, kimya. Navuta tena, kimya. Cha merino, tazameni, kitanzi kimoja kimeshakimbia, cha pili, cha tatu, wee, kinafumuka chenyewe nikiwa naongea. Na jaribio la pili: kuunga uzi kwa mate. Msikunje uso, ndivyo wanavyofanya! Nachambua ncha mbili, nazilaza pamoja, mate kidogo, nasugua kwa viganja kwa nguvu mpaka vipate moto. Sufu ya Shetland imeungana, hakuna fundo. Ya merino nasugua tangu lini, bado ncha mbili. Akriliki ya Kariakoo nayo haiungani, maana ni plastiki, lakini akriliki mimi siitukani. Sweta la shule la kufuliwa kila Jumamosi Dar es Salaam, mnunulieni mtoto akriliki, msilitie pasi ya moto tu.

Mmekuja kwa ajili ya mfuko huu, najua. Mfuko wa aibu. Upesi upesi: soksi moja, pacha wake hajazaliwa. Kofia, imebaki kufungwa juu, kazi ya nusu saa, ina miezi minane. Sweta la mwanangu nimelianza ana miaka miwili, sasa ana minne, na lina mkono mmoja. Nimejaribu kumvalisha jana likaishia kwenye mbavu, akaniuliza, "Mama, hili la nani?" Hilo ninalifumua, uzi mzuri, hauna kosa. Na hili la kijani lilikwama kwa sababu uzi uliniishia, nikanunua donge jingine lenye jina lile lile la rangi, lakini namba ya mkupuo wa kutia rangi ni tofauti. Dukani huoni. Ukifuma, tumboni unapata mstari kama alama ya maji ya mafuriko ukutani. Lebo zenu msitupe.

Halafu kuna hii. Kadigani, sweta la kufunguka mbele. Nimeimaliza kufuma majira ya baridi yaliyopita. Nimeimaliza, mikono yote ipo! Ila imefumwa kama pipa, mzunguko mzima, kwa sababu rangi mbili ni rahisi kufuma ukizunguka bila kugeuza. Katikati mbele nimeacha vitanzi saba vya ziada, na hapo panatakiwa mkasi upite ndipo iwe kadigani. Nimefuma saa nyingi sana nguo hii. Imekaa kabatini na nafthalini kwa kuwa naiogopa.

Kule Lerwick nilimwuliza yule mama wa mkanda, mnakataje? Akanitazama kama nimemwuliza mnakataje mkate.

Basi. Nimeshika hapa. Mnaona mkono unavyotetemeka, msicheke. Nakata kitanzi cha kwanza. Cha pili. Uzi wenyewe ni ule wa donge la kwanza, ule mgumu mnaoukataa. Safu ya kumi... ishirini... navuta ukingo kidogo tu, kidogo... umekaa. Jamani, umekaa! Haujatoka hata mmoja. Tazameni ulivyoshikana, kama nyasi za—

Mnasikia? Huo ni mlango. Mwanangu ameamka. Nimebakiza nusu, na akiniona nakata nguo kwa mkasi, kesho atakata pazia. Ngoja nifiche hii kwanza.