Tiba ya mazungumzo ya kuchanganya mbinu: inapofaa na inapoharibika

Wataalamu wengi wa saikolojia wenye ofisi zao binafsi hujitangaza kuwa "wanachanganya mbinu", yaani hawafuati aina moja tu ya tiba bali huchukua kutoka kadhaa. Tangazo hilo peke yake halimsaidii mteja. Huduma hii inaweza kuwa bora kuliko zote au ya kubabaisha kabisa, na tofauti huonekana mapema: je, mtaalamu ana sababu ya kila anachokiingiza?

Katika zile dakika 50 za kikao cha kwanza, mtaalamu mzuri hana haraka ya mbinu. Anauliza tatizo lilianza lini, nini hulichokoza, mteja hufanya nini likimjia, na nafuu hudumu muda gani. Kufikia kikao cha tatu hivi pawe na mchoro wa tatizo, hata wa kalamu kwenye karatasi chakavu, ambao mteja ameuona na kuusahihisha. Bila mchoro huo, tiba huwa ya kudonoadonoa: wiki hii kupumua, wiki ijayo ndoto, ya tatu utotoni.

Tuchukue mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla, na daktari ameshampima moyo akaukuta mzima. Mchoro wake huwa hivi: moyo unaenda mbio, anawaza "nakufa", anakaa chini na kumpigia ndugu simu, hofu inashuka. Anaondoka akiamini kwamba simu ndiyo iliyomwokoa. Kutoka tiba ya utambuzi na tabia, inayobadilisha namna mtu anavyowaza na kutenda, na iliyokua kutokana na kazi ya daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960, mtaalamu huchukua jaribio: mteja akimbie papo hapo kwa dakika moja hadi moyo uende mbio, akiwa ameandika kwanza anachodhani kitampata, kisha aandike kilichompata kweli. Kutoka kwa mwanasaikolojia Carl Rogers huchukua usikivu usiohukumu, maana asiyejiona salama hatakubali kujipandishia mapigo ya moyo kwa hiari yake. Hapo mbinu mbili zinabebana.

Sasa angalia zinavyogongana. Mtaalamu yuleyule anamfundisha mteja kupumua polepole, halafu anamwambia atumie pumzi hiyo katikati ya jaribio. Kupumua ni zoezi jema, na jaribio ni jema. Vikiwekwa pamoja, mteja anatoka akisema "nimepona kwa sababu nilipumua", na pumzi imechukua nafasi ya ile simu. Kosa hili ni la kawaida mno, na linauma kwa sababu mteja amefanya kila alichoambiwa.

Kwa mwenye mawazo yanayojirudia, anayerudi mlangoni mara ishirini kuangalia kufuli, madhara ni makubwa zaidi. "Usijali, umefunga" inayosemwa kwa huruma ndiyo chakula cha ugonjwa wenyewe. Zoezi lake linadai akae na shaka bila kurudi mlangoni, na mtaalamu ajizuie, kwa upole, kumpa jibu.

Mabadiliko ya mtindo nayo yatangazwe. Mtaalamu aliyekaa miezi miwili akisikiliza tu, kisha siku moja akaja na fomu na kazi ya nyumbani, humfanya mteja ajihisi amekemewa. Inatosha kusema: "Tumechimba chanzo kwa wiki sita, lakini usingizi haujarudi. Napendekeza vikao vinne tushughulikie usingizi tu. Unaonaje?"

Vipimo tunavipa uzito mkubwa. Dodoso la PHQ-9 la sonona lina maswali 9 na alama 0 hadi 27, na hujazwa kwa dakika chache. Alama 10 kwenda juu huhitaji kuangaliwa kwa makini. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru: jibu lolote lililozidi sifuri lizungumzwe siku hiyohiyo. Alama zikigoma kushuka kwa vikao kadhaa, mchoro ufunguliwe upya kabla ya kuongeza mbinu nyingine juu yake.

Udhaifu mkubwa wa ofisi binafsi ni upweke wa mtaalamu. Hakuna mwenzake wa kumwambia amekosea, hivyo ni halali kabisa kumuuliza nani anamsimamia kitaalamu na amesomea rasmi mbinu zipi. EMDR ya Francine Shapiro, kwa mfano, tiba ya kiwewe ambamo mteja husogeza macho huku akikumbuka tukio, ina hatua 8, na kusogeza macho ni sehemu tu ya kazi. Anayeruka maandalizi humwingiza mtu kwenye kiwewe chake kabla hajajua namna ya kutoka.

Huduma hii tunaipendekeza kwa matatizo yaliyosukana, kama msiba uliokuja na kukosa usingizi na ugomvi wa ndoa. Mwenye hofu ya kitu kimoja, tuseme mbwa, hana haja nayo: atafute anayefanya tiba ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, bila nyongeza.