TAHADHARI: Fundi wa "chipu ya pwani" Mwanakwerekwe kanila laki tatu na themanini

Ndugu zangu wenye magari, hasa nyie mnaonunua bara mkavusha, someni hii kabla hamjatoa hela. Naandika nimekasirika na uso sina pa kuuweka, lakini bora mnicheke kuliko na nyie mliwe.

Ile Toyota Noah yangu mnaijua, na safari ya kuifuata Mbeya nishaieleza mpaka mmechoka. Tangu ishuke bandarini Malindi, hapa Unguja, ilikuwa ikisimama inatetemeka, na petroli inainywa kama mgonjwa wa sukari anavyokunywa maji.

Jumamosi baada ya Alasiri nikaelekezwa kwa huyu bwana. Kijana nadhifu, kofia ya kiua, laptopu mkononi, kwenye kucha hata tone la oili hana (hapo ningeshtuka!). Boneti hakuigusa. Akachomeka waya chini ya usukani, akanambia fungua swichi, usipige stata. Kwenye skrini ikatokea namba: 101. Akaitazama, akanyamaza, akanigeukia taratibu kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Sheikh wangu, gari hii umeitoa wapi?"

Mbeya, nikamwambia.

"Basi ndio maradhi yake. Mbeya ipo mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa kule ni kama kilopaskali 83. Hapa 101, iangalie mwenyewe. Injini imezowea hewa nyepesi, leo umeiteremsha pwani, hewa nzito inaipalia."

Inaipalia! Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Akaniuliza: "Ulipopanda kule hukuona pakti za krispi zilivyovimba?" Wallahi niliona. Nilinunua moja Dar kwa ajili ya njiani, kufika Mbeya imefura kama mto wa kulalia. Akanikandamiza hapo hapo: hewa inapungua kama asilimia 3 kila ukipanda mita 300, ndio maana gari isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) kule inakosa karibu moja ya sita ya nguvu zake. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, presha imebaki kama nusu ya hii yetu. Nishaulizia baadaye, na yote hayo ni kweli. Kanipa ukweli tisa, la kumi ndilo akalitilia bei.

Na msiniite mjinga haraka. Marehemu mzee wangu alikuwa na Peugeot 504 ya kabureta, akiiteremsha kutoka Iringa lazima fundi abadilishe jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli. Jeti ndogo ya milimani ikifika pwani petroli haitoshi kwa hewa iliyojaa, injini inachemka na kugonga. Mie ndiye niliyekuwa nashika tochi. Sasa kijana anakuja kunieleza maneno yale yale, kwangu ilikuwa kama namsikia baba.

Akatoa kikopo cheusi, ukubwa wa kiberiti. Laki nne na nusu. Nikamlilia weee, akashuka mpaka 380,000, nikajiona mjanja! Nikatuma kwa simu, jina likatokea la mwanamke. Nikamuuliza, akasema la mkewe. Kikopo kikachomekwa, kitaa cha kijani kinametameta. "Tembea kilomita 300, ndio itaizowea pwani." Kisiwa chenyewe urefu haufiki kilomita 100, jamani! Nimekwenda Nungwi, nikenda Makunduchi, nikarudi tena Nungwi, petroli ya siku tatu, na gari inatetemeka vile vile. Siku ya nne simu haipatikani, banda lina kufuli.

Mtoto wa dada, yule anayesoma ufundi Karume, akakifungua kikopo kwa bisibisi. Kitaa, kitufe, na vikorokoro viwili vitatu. Pini za kuzungumza na kompyuta ya gari hazikuungwa na chochote. Kisha akanambia lililonichoma zaidi: ile 101 gari yenyewe ndiyo iliyoipima. Noah si kabureta. Ina sensa (kidude cha kupimia) ya presha, ina sensa ya oksijeni kwenye egzosi, ilijua ipo pwani tangu siku ya kwanza na petroli inajipimia yenyewe. Tena huku chini ndiko inakopata nguvu zake zote. Yaani nilioneshwa ushahidi kwamba gari haina tatizo hilo, nikalipa. Maradhi yenyewe: plagi moja imekufa na filta ya hewa imejaa vumbi la njia nzima. Elfu sitini na tano, kwisha.

Mtu kama huyu asiambiwe "mrudishie tu". Afungwe! Sheha apewe habari, polisi wapewe habari, na yule aliyenielekeza kwake naye aulizwe alipata ngapi. Hana risiti, hafungui boneti, hakubali muijaribu gari kabla hujalipa, na akisikia neno Mbeya au Arusha macho yanamng'ara. Afungwe na laptopu yake, akawafundishe wenzake krispi huko ndani.

Kikopo ninacho, anayetaka kukiona aje, bado kinawaka. Na mama watoto, najua utaisoma hii kwa dada yako: zile hela hazikwenda kwenye ushuru wa bandari kama nilivyokwambia. Ndizo hizi alizokula fundi, na ndizo za friji.