Scratch au Python kwa darasa la jioni la watu wazima Mbeya?

Hizi ni lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta. Kwa gharama hakuna mshindi: zote mbili ni za bure. Zipakue mara moja mjini, ziweke kwenye flashi, na darasa la Uyole litaendelea hata bando likiisha.

Tofauti inaonekana mkononi. Mchukue muuza viazi anayetaka kuzidisha idadi ya magunia. Kwenye Scratch anaunganisha vipande vya rangi, menyu anaweza kuiweka kwa Kiswahili, na akijibu 12 kisha kuzidisha kwa 2 anapata 24. Kwenye Python, akiandika input("Magunia: ") * 2, anapata 1212! Python imepokea jibu kama maandishi, si namba. Dawa yake ni int(input("Magunia: ")) * 2, ambapo int hugeuza jibu kuwa namba. Wengi hukwama hapo, na pale wanaposahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa if (neno la kuweka sharti). Ujumbe wa kosa huja kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu awe karibu.

Umeme ukikatika, Python ina nafuu kidogo: IDLE, programu ya kuandikia inayokuja na Python, inakutaka uhifadhi faili kabla ya kuliendesha. Scratch ya kwenye kompyuta haijihifadhi yenyewe. Zoesheni watu kuhifadhi kila dakika 10.

Wenye simu za Android tu watumie Python kupitia programu ya simu ya Pydroid 3, maana vipande vya Scratch hubanana kwenye kioo kidogo. Wasiowahi kushika kipanya waanze na Scratch, wiki mbili hivi. Karani anayetaka kujumlisha mauzo ya duka asicheleweshwe huko. Mpe Python siku ya kwanza.